Muulize Ami: Kwani TikTok haifiki Langoni?

Barua za mwezi huu karibu zote ni za simu, sijui ni kusi limewafungia watu ndani au vipi, manake hata wale wanaoniuliza mambo ya mume na mke wameanzia kwenye simu. Nimechagua chache. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu nikiijibu hiyo na nyengine zinakuwa nyepesi.

Salaam aleikum Ami. Mimi ni binti wa miaka 23, niko Langoni hapa Lamu, nashona na kuuza madera na abaya. Mwaka jana nilifungua TikTok, mashaallah wafuasi nimepita elfu nne na kuna video moja ilitazamwa mpaka nikaogopa. Lakini wateja ni wale wale wa mamangu, wanaokuja kwa miguu. Wanaonilaiki wako Nairobi, wako Muscat, wengine hata sijui ni wapi. Shoga yangu ananiambia Kenya ndiyo inaongoza duniani kwa TikTok, sasa mbona hapa mtaani hawanioni? Nakosea wapi?
*Binti wa cherehani, Lamu*

Waaleikum salaam mwanangu. Shoga yako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Kuna ripoti hutoka kila mwaka pale Oxford Uingereza, ya Reuters Institute, wanachunguza watu wanapata wapi habari, na ile ya 2023 ilikuta Wakenya 54 katika kila 100 waliohojiwa wanatumia TikTok, na katika nchi zote walizochunguza hakuna iliyofika hapo. Magazeti yakaruka nayo, Kenya namba moja, vijana wakafurahi, na kila mwenye duka akaambiwa afungue TikTok.

Lakini hebu uliza ni Mkenya gani huyo aliyehojiwa. Maswali yaliulizwa mtandaoni, kwa hiyo asiyekuwa na intaneti hakuulizwa. Yaliulizwa kwa Kiingereza. Na kwa Kenya walichukua watu wa miaka 18 mpaka 50. Wenyewe ripoti wameyasema haya waziwazi, sio siri, ni wasomaji tu hawafiki ukurasa huo. Sasa mteja wako ni nani? Ni bi mkubwa wa Mkomani mwenye miaka 58 anayetaka madera manne ya harusi ya mjukuu, yeye, dada zake wawili na wifi yao, na pesa anazo. Huyo umri umempita, lugha imempita, na fomu ya kujaza kwenye mtandao ungempelekea angekuuliza ni ya nini. Kwenye ile 54 hayumo kabisa.

Na hata wangeuliza kila mtu kwa haki. Sensa ya 2019 ilihesabu Kenya watu milioni 47.6 na kaunti nzima ya Lamu watu 143,920. Ukichagua watu 2,000 nchi nzima ukawagawa kwa uwiano, Lamu inapata 6. Sita! Kuanzia Kiunga mpaka Mpeketoni, wewe na mwalimu na askari na mabaharia watatu. Kwa hiyo mtu akikwambia “Wakenya wako TikTok” usianze kukata kitambaa, kwanza uliza Wakenya gani.

Mimi kabla ya kuandika huku nilikaa miaka kwenye kibanda cha kutengeneza simu hapa Malindi, na fundi wa simu anajua mambo ambayo mtafiti hajui, wallahi, manake simu ikija “imejaa” lazima uangalie imejaa nini. Simu ya kijana imejaa video alizorekodi mwenyewe, nyengine kazirudia mara kumi hajazirusha. Simu ya mzee imejaa picha za maua zilizoandikwa Ijumaa Karim, elfu mbili, elfu tatu, na video za mawaidha alizorushiwa na watu kumi video ile ile, hajafuta hata moja kwa kuona haya kufuta jina la Mungu. Simu ya mama wa makamo imejaa voisi. Voisi tupu, za dakika tatu, za dakika saba, ya dada yake aliye Jeddah, ya bintiye Mombasa, ya fundi wa hina. TikTok kwenye simu hiyo labda ipo kwa sababu mtoto kaiweka, na mwenyewe hajui kwamba ipo.

Sasa kwa nini WhatsApp imewapata hao na nyengine hazikuwapata? Watu hujibu haraka, ni umri, wazee hawajui mitandao. Sikubali. Yule mama anatuma voisi, anapiga video kwa watu wanne mara moja, analipa kwa M-Pesa na akiletewa chenji pungufu anaona, usiniambie hajui simu. WhatsApp ilianza 2009 na ilipoingia huku ilikuta watu tayari wana kazi ya kuipa, ndugu wametawanyika, yupo Mombasa, yupo Oman, yupo Saudia, na kupiga simu nje kulikuwa kunakula kredo mpaka unaongea ukiangalia saa. Hata Marekani imekwenda hivyo hivyo. Kituo cha utafiti cha huko huko, Pew, kilihesabu mwaka 2021, watu wazima Wamarekani wenye asili ya nchi za Kilatini wanaotumia WhatsApp walikuwa 46 kwa 100, na wazungu 16 tu. Nchi ni moja na simu zinatoka maduka yale yale, lakini mmoja mamake yuko Mexico na mwengine mamake yuko mtaa wa pili na mesiji za kawaida anatuma bure. Mtu anafuata palipo na watu wake.

Halafu kuna pesa ya bando. Video za TikTok zinakula bando kama wageni walioona pweza wa nazi, na bi mkubwa wako ananunua bando ya WhatsApp peke yake ya siku moja, ikiisha basi mpaka kesho. Wewe unamrushia video ya kioo kikubwa na muziki, yeye haifungui, anaona tu duara linazunguka.

Kwa hiyo ufanyeje. TikTok usiifunge, nitarudi huko. Lakini chukua namba za wateja wote wa mamako, hao wanaokuja kwa miguu, zisevu, na waombe nao wasevu yako, manake asiyekusevu hatoona stetasi yako ya WhatsApp hata ukiposti mara hamsini. Hilo wengi hawalijui, wanaposti stetasi mwaka mzima kwa watu ambao hawajawasevu. Posti picha moja au mbili, sio kumi na tisa. Posti baada ya isha, watoto wameshalala na sufuria zimeshaoshwa, au alfajiri kabla ya mahamri. Na kila dera tia voisi fupi, sema kitambaa gani, mikono ya vipi, mwili gani inamfaa, bei ngapi. BEI NGAPI, mwanangu. Hii tabia ya vijana ya “bei njoo inboksi” huwafukuza wanawake wazima, mtu mwenye heshima zake haji inboksi kukubembeleza bei, anamwambia mjukuu amtafutie fundi mwengine.

Usishangae pia oda ikija kwa namba ya mtoto wa kiume wa miaka kumi na tano. Nyumba nyingi simu ya maana ni moja na mwenye kuishika sio mwenye kuvaa dera.

Sasa hao wa Muscat. Kwa nini unawahesabu kama hasara? Hao ndio watoto wa hao hao wa Lamu, wanaona dera la nyumbani roho inawaruka. Waandikie, waulize kama wana mtu anayesafiri, mizigo ya Lamu haijawahi kukosa mtu wa kuibeba. Na wa Nairobi wanakuja Maulidi na wanakuja Disemba. TikTok ni ya hao, stetasi ni ya mtaa, cherehani ni ile ile.

Ami, mjukuu wangu wa kidato cha tatu ananicheka mbele ya wenzake kwamba mimi ni “mtu wa Facebook”, eti ni mtandao wa wazee. Mimi nilifunguliwa na mwanangu mwaka 2012 na nimeizoea. Ni kweli ni ya wazee?
*Nyanya wa Maweni, Malindi*

Bi mkubwa shikamoo. Mwambie huyo mjukuu kwamba Facebook ilipoanza 2004 pale chuo cha Harvard wewe usingeruhusiwa kuingia, wala yeye, ilikuwa ya wanafunzi wa chuo, lazima uwe na barua pepe ya chuo. Walikuja kufungulia watu wote wa miaka 13 na kuendelea Septemba 2006. Mark Zuckerberg mwenyewe kazaliwa 1984, fanya hesabu, kashapita arobaini, na wenzake wa darasani vile vile. Kwa hiyo mtandao haukuchagua wazee, walioingia vijana wamezeekea humo humo kama watu wa mtaa, na vijana wapya wakitaka pao hawajengi karibu na mama zao.

Ila na yeye anatia chumvi. Ule uchunguzi wa Pew wa 2021 nilioutaja huko juu, wa Marekani huo sio wa Malindi, ulikuta Facebook inatumiwa na 70 kwa 100 ya wenye miaka 18 mpaka 29, na 50 kwa 100 ya wenye miaka 65 na zaidi. Instagram ni vijana 71 kwa 100 na wazee 13. Unaiona tofauti? Instagram ndiyo iliyowatenga, 13 tu wazee, Facebook wamo wote, ila vijana wamo kimyakimya, wana akaunti na hawaposti. Muulize mjukuu kama hana. Anayo. Simu yake nikiishika nitakuonesha.

Salaam Ami. Sisi kijijini kwetu kisiwa cha Pate tuna grupu ya WhatsApp ya maendeleo, maji, shule, bandari, mambo ya boti ikikwama. Tuko watu 140 na kitu lakini wanawake hawafiki 15, na wakiwemo hawasemi. Tukiitisha mkutano wa miguu wanakuja wengi na wanasema sana. Sisi admini tunalaumiwa tunawabagua, na sio kweli. Tatizo ni simu hawana au ni nini?
*Admini aliyechoka, Pate*

Kaka, pole. Simu wanazo. Ile sensa ya 2019 iliuliza kila mtu kuanzia miaka 3, na waliokuwa na simu yao walikuwa 47.3 kwa 100, na katika hao wanawake waliwazidi wanaume kidogo, ndio, waliwazidi. Lakini ilipouliza nani anatumia intaneti ikageuka, wanaume 25 kwa 100, wanawake 20. Yaani simu anayo ila ni kabambe, ya kubonyeza, ya M-Pesa na ya kupigiwa. Ile ya kupangusa kioo ikinunuliwa nyumbani inaanzia kwa baba, ikipasuka kioo inakuja kwa mama. Nimetengeneza nyingi hizo, mama anakuja nayo imefungwa gundi ya karatasi, ukiiwasha picha ya mbele ni ya bwana na boti. Na hili sio la Pate peke yake, GSMA, jumuiya ya makampuni ya simu duniani, katika ripoti yao ya 2024 walisema kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu ni pungufu ya mwanamume kwa asilimia 15.

Lakini hayo tuseme yanaeleza kwa nini wako wachache. Kwa nini hawasemi ni jambo jengine na hapo nyinyi maadmini mna sehemu yenu. Mwanamke akiingia grupu ya watu 140 namba yake inaonwa na wanaume 125. Usiku wa kwanza tu, “mambo”. Wa pili, “umelala?” Hajui ni nani, picha ni ya simba. Akimwambia mumewe anaambiwa toka kwenye grupu, akinyamaza na mumewe akaziona mwenyewe ni makubwa zaidi. Wewe ungekaa? Mkutano wa miguu hauna hayo, amekaa na wenzake upande wao, anasema maji yamekatika siku tatu, anaondoka, hakuna aliyebaki na namba yake mfukoni.

Fanya hivi. WhatsApp tangu mwisho wa 2022 wana kitu wanaita komyuniti, ndani yake kuna grupu ya matangazo, wanachama hawaonani namba, admini peke yake ndiye anayeziona. Hamishieni matangazo huko, ya maji na boti na shule. Halafu wanawake wawe na grupu yao ndani ya komyuniti hiyo hiyo, admini wawe wanawake wawili wanaoaminika, na neno lao lije kwa wote kupitia hao. Na wenye kabambe wasisahaulike, mtu mmoja kila mtaa awe na kazi ya kuwapigia, ni shilingi chache. Na zile voisi zenu za dakika kumi na moja za kugombania siasa zitoeni humo, maji na siasa kwenye kapu moja wanaume wenyewe wanakimbia. Wa kuwatumia wanawake “umelala” mnamjua nyote, mtoeni.

Habari Ami. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, natokea Ganda, mradi wangu wa mwisho ni tofauti za umri, jinsia na elimu kwenye matumizi ya mitandao ya kijamii kwa simu hapa Malindi. Nimetengeneza fomu ya mtandaoni nimeirusha kwenye magrupu, nimepata majibu 212. Msimamizi wangu amenikatalia. Amenionea?
*Mwanafunzi, Malindi*

Hakukuonea. Umesoma jibu la binti wa cherehani? Umefanya yale yale. Umewauliza watu waliomo kwenye magrupu kama wanatumia magrupu, ukashangaa wote wanatumia. Huko ni kukaa gatini kuuliza watu kama wamewahi kupanda boti.

Chukua daftari utoke. Alfajiri Mayungu boti zikirudi, asubuhi sokoni na wauza mboga, jioni steji ya tuktuk, Ijumaa baada ya sala, Jumapili nje ya kanisa huko Ganda kwenu, na nyumba kwa nyumba kwa ajili ya wanawake, uende na mwanamke. Uliza kwa Kiswahili na kwa Kigiriama. Usiulize “unatumia mtandao wa kijamii?” manake mama atakwambia hapana huku voisi inalia mkononi, kwake hiyo ni WhatsApp sio mtandao. Uliza “jana ulisikiliza voisi?” “Jana uliangalia video kwenye simu, ya nani?” Uliza simu ni ya nani. Uliza anasoma mwenyewe au anasomewa. Na usihesabu laini, laini za simu Kenya ni nyingi kuliko watu, mvuvi mmoja ana tatu, ya bei rahisi, ya M-Pesa na ya baharini penye netiweki ya upande ule.

Zile 212 usizitupe, zitakusaidia kuonesha waliojibu mtandaoni wanatofautiana vipi na uliowakuta Mayungu. Nadhani sehemu hiyo ndiyo itakayokuwa tamu kuliko mradi wote, lakini muulize msimamizi, mimi fundi simu.

Ami, mwanangu ana miaka 11 anataka TikTok, wenzake wote madrasa wanayo. Nimpe?
*Baba wa Shela*

Shela ya Malindi au ya Lamu? Hata hivyo jibu ni moja. TikTok, Facebook, Instagram na WhatsApp zote zinataka miaka 13. “Wenzake wote” nenda ukawahesabu, utakuta ni watatu na simu ni za kaka zao.

Na yule bwana wa Barani aliyeniuliza atawezaje kufungua simu ya mkewe asome mesiji bila yeye kujua, kwa vile mimi ni fundi. Barua nimeipata, na ile ya pili pia. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inasema kuingia kwenye simu ya mtu bila ruhusa ni faini isiyozidi shilingi milioni 5 au jela isiyozidi miaka 3, au vyote viwili, na haikuandikwa “isipokuwa mke”. Simu ya mkeo iko hapo mkekani, mwite umuulize. Vibanda vya mafundi acha kuvizungukia, tunajuana sote.